Jasho Linalodondoka Halijakupoza

Jumamosi moja ya Februari, saa kumi na moja na nusu alfajiri, mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikuwa kibarazani kwangu Tabata anafunga kamba za viatu huku anasoma simu. "Dada, mbona wameandika nyuzi 31 tu? Mlivyonitisha wote!" Ilikuwa siku yake ya nne Dar es Salaam. Katoka Njombe, mtu wa milima kwelikweli. Kilima ambacho mimi nakipanda mikono mitupu na kupumzika mara mbili, yeye anakipanda na gunia la viazi begani na bado anapiga hadithi. Tulikuwa tunakwenda kutembea msitu wa Pugu na Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, watu kumi na wawili. Ilipofika saa tano alikuwa amekaa chini ya mti, kimya, malaika yamemsimama mikononi kama aliyemwagiwa maji ya baridi.

Simu haikudanganya. Zilikuwa nyuzi 31 kweli. Ila nyuzi peke yake hazikwambii kama mwili wako utaweza kupoa, na kwa anayetembea pwani miezi ya kaskazi hilo ndilo la kuuliza.

Anayeukumbuka mtungi wa bibi ameshaielewa nusu ya habari. Udongo wa mtungi unapitisha maji kidogo kidogo hadi nje, maji yale yanakauka, na yanapokauka yanaondoka na joto la yaliyobaki ndani. Mtungi huohuo ukiuweka Dodoma wakati wa kiangazi, maji yanakuwa baridi ya kukata kiu. Uweke Kariakoo mwezi wa pili, maji yatabaki vuguvugu na mtungi utalowa nje tu. Udongo ni uleule. Hewa ya Dodoma ni kavu, inayapokea maji kwa pupa, wakati hewa ya Dar imekuja kutoka baharini na mvuke wake tayari, na nafasi ya kubeba zaidi ni ndogo.

Mwili ni mtungi. Jasho likitoka tu halijafanya kazi yoyote. Linafanya kazi pale linapokauka juu ya ngozi, na gramu moja ya jasho ikikauka inaondoka na takriban kilojuli 2.4 za joto. Ile gramu inayotiririka shingoni, ikafika kwenye kidevu na kudondoka chini, imechukua maji yako na chumvi yako, joto imekuachia. Ndiyo maana mtu anaweza kurudi kutoka matembezini shati linakamulika kama limetoka kwenye beseni, akajisifu kwamba mwili "umefanya kazi", kumbe sehemu kubwa ya jasho lile imepotea bure.

Na joto lenyewe halitoki juani peke yake. Misuli ikifanya kazi, robo tu ya nishati, mara nyingi chini ya hapo, ndiyo inayokusogeza. Inayobaki inageuka joto. Anayepanda kilima anajichemsha kwa ndani hata mawingu yakiwa yametanda. Kwa hiyo kuna moto unaowashwa ndani, kuna jua la nje, na mlango wa kutokea ni jasho linalokauka. Hewa yenye mvuke mwingi inaubana mlango huo. Kuna jedwali ambalo wataalamu wa hali ya hewa hutumia kukadiria joto linavyohisiwa na mwili. Nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 40 zinahisiwa kama 33, lakini nyuzi hizohizo 32 zenye unyevu wa asilimia 70 zinahisiwa kama 41. Na hesabu hiyo imepigwa kwa mtu aliye kivulini anayekwenda taratibu. Juani, mlimani, na begi mgongoni, ni zaidi.

Hapa pana fundo ambalo mimi mwenyewe lilinisumbua miaka. Ukiangalia taarifa za hali ya hewa za Dar utaona alfajiri unyevu ni asilimia 90 na ushee, mchana unashuka hadi sitini na kitu. Basi mtu anahitimisha kwamba mchana hewa ni kavu, afadhali atembee mchana. La. Asilimia ile inalinganisha mvuke uliopo na mvuke ambao hewa ya joto hilo ingeweza kubeba, na hewa ikipata joto uwezo wake wa kubeba unapanda. Chukua alfajiri ya nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 95, halafu mchana wa nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 65. Ukipiga hesabu, kote kuwili unapata karibu gramu 22 za maji katika mita moja ya ujazo ya hewa. Mvuke ni uleule, kilichobadilika ni kapu tu. Kwa hiyo alfajiri utalowa jasho vilevile, usishangae. Faida yake ni kwamba jua halijaanza kukupiga na hewa yenyewe bado haijapata joto, na faida hiyo ni kubwa.

Jua la Dar nalo lina ratiba yake. Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua linapita utosini hasa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na kuelekea katikati ya Oktoba. La Machi ndilo linalokutana na mwisho wa kaskazi, kabla masika haijashika. Februari jua linafika juu kabisa kama saa sita na nusu na dakika kadhaa, si saa sita kamili, kwa sababu saa za Tanzania zinafuata mstari wa longitudo ulioko mashariki zaidi ya mji. Joto la hewa linachelewa zaidi, hadi saa saba au nane au tisa. Aliyepanga "tutamaliza saa saba" amepanga kumaliza palepale pabaya.

Katika hili tatizo kubwa la Dar si sayansi, ni tangazo la kikundi. Limeandikwa "tunaondoka saa 12:00 kamili asubuhi". Saa kumi na mbili wamefika wawili. Saa moja kuna anayesema yuko njiani, ndiyo kwanza anatafuta soksi. Foleni ya Gongo la Mboto, supu ya Pugu Kajiungeni, picha ya pamoja getini, na mguu wa kwanza unaingia msituni saa tatu na nusu. Sisi siku ile tulifanya hivyohivyo. Na njia tuliyochukua ilianza kwa mteremko, kila mtu anacheka, halafu kurudi ndiko kulikokuwa na mlima, jua likiwa limeshasimama. Siku hizi nikipanga mimi, asiyefika saa kumi na mbili anatukuta kwa supu wakati wa kurudi. Saa moja tunaingia, saa nne tumetoka. Wengine wananiona mkoloni.

Kivuli na upepo ni mambo mawili, na si kila mahali unavipata pamoja. Coco Beach jua linachoma lakini upepo wa bahari unapita, na upepo ndio unaoondoa ile hewa iliyoshiba mvuke iliyoganda juu ya ngozi na kuleta nyingine. Msituni Pugu kivuli ni cha uhakika, ila bondeni hewa imesimama kama ya chumbani umeme ukikatika. Nikiambiwa nichague, nachukua kivuli, lakini sipumziki bondeni. Napanda kwanza hadi mgongo wa kilima, kwenye mwanya ambapo majani yanatikisika, ndipo nakaa. Wengi wanafanya kinyume chake: wanapumzika chini kabla ya kupanda, wanasimama dakika 20 kwenye hewa mfu, wanaanza mlima wakiwa wameshapata joto.

Kuhusu mavazi nitasema moja kwa ukali. Kuna wanaojifunga nailoni tumboni, wengine wanavaa sweta nzito juu ya trakisuti, ili "wakate mafuta". Ukipita daraja la Tanzanite Jumapili asubuhi hukosi kuwaona. Nailoni inazuia jasho kukauka, yaani inaziba ule mlango tuliousema. Kilo mbili zilizopungua asubuhi hiyo ni lita mbili za maji, na ukinywa zinarudi kabla ya chakula cha mchana. Vaa nguo pana, nyepesi, ya rangi isiyokolea. Kofia ya ukindu yenye ukingo mpana inaishinda kepu, maana inapitisha hewa na inafunika shingo. Jua la kaskazi linaunguza ngozi hata mawingu mepesi yakiwepo. Mwenye ualbino asitoke bila mikono mirefu, kofia na mafuta ya kukinga jua, na kikundi kikipanga njia kimfikirie yeye kwanza.

Maji. Anayepanda kwenye joto hili anaweza kutokwa na lita moja ya jasho kwa saa, wengine zaidi. Glasi moja, robo lita, kila baada ya dakika 15 hadi 20 inatosha watu wengi, na usifikishe lita moja na nusu kwa saa hata ukiwa na kiu ya namna gani. Kwa saa tatu, basi, beba chupa mbili kubwa za lita moja na nusu, moja umeigandisha usiku kwenye friza. Ile ya barafu ifunge kwenye kanga. Itakupoza mgongo ukitembea, utainywa ikiyeyuka, na kama mtu atazidiwa ndiyo dawa ya kwanza utakayokuwa nayo. Nusu ya maji ikiisha, geuza, hata kama hamjafika mlikotaka.

Kwa nini nisiseme unywe tu hadi ushibe? Kwa sababu jasho lina chumvi. Anayekunywa maji matupu kwa fujo huku anatoka jasho anaizimua sodiamu ya damu, yaani ile chumvi iliyomo ndani yake, na ikishuka sana anaumwa kichwa, anatapika, vidole vinavimba, mwishowe anachanganyikiwa. Dalili zinafanana na za kuzidiwa na joto, na wenzake wanamwongeza maji, wanamzidishia. Anayekojoa mara kwa mara, mkojo mweupe kama maji, huku anasema kichwa kinauma, huyo asilazimishwe kunywa tena.

Watu wataniuliza habari za madafu, maana hapa dafu ni jibu la kila kitu. Dafu ni zuri, lina potasiamu nyingi na sukari kidogo. Lakini chumvi inayopotea zaidi kwenye jasho ni sodiamu, na hiyo kwenye dafu haitoshi. Kunywa dafu, kula na embe mbichi ya chumvi na pilipili au karanga za chumvi, utakuwa umeziba pengo. Mimi nabeba pakiti mbili za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, zinapatikana duka lolote la dawa. Ukizikosa: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kujaza mlima. Juisi ya miwa iache hadi ufike nyumbani.

Kuna vitu vinavyomharibia mtu kabla hata hajatoka. Bia za Ijumaa usiku. Kuharisha juzi. Homa iliyopona wiki hii. Usiku wa nyuzi 26 bila feni, umegeukageuka hadi asubuhi. Dawa za presha zile zinazokojoza, na hata piriton ya mafua, ambayo inaweza kupunguza jasho. Dawa ya presha usiiache kwa ajili ya matembezi, muulize daktari wako kwanza. Na kwa anayefunga, miaka hii Ramadhani imeangukia Februari na Machi. Matembezi ya mlima yangoje Shawali, au uridhike na mzunguko mfupi wa jioni baada ya futari.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu, maana yeye alikuwa mzima kuliko sisi sote. Hakunywa pombe, amelala vizuri, miguu ya chuma. Alichokosa ni siku. Mwili unahitaji kati ya siku 7 na 14 za kufanya kazi kwenye joto ndipo uzoee: damu inaongezeka maji, moyo unapunguza mbio, jasho linaanza mapema, na linatoka na chumvi pungufu. Njombe asubuhi anavaa koti. Siku ya nne Dar, mwili wake ulikuwa bado uko kule. Na msimcheke, kwa sababu mfanyakazi wa ghorofani Posta ana hali hiyohiyo ingawa amezaliwa Temeke: kiyoyozi kwenye gari, kiyoyozi ofisini, kiyoyozi chumbani. Joto analikuta kati ya mlango na mlango. Mzoefu anayekaa wiki kadhaa bila kutoka jasho naye anaupoteza uzoefu wake.

Dalili ya kwanza niliikosa. Aliacha kusimulia. Alikuwa mbele, akawa katikati, akawa wa mwisho. Misuli ya mapaja ikamkaza, akasema ni viatu. Halafu kichwa, kichefuchefu, na yale malaika kusimama, jambo linalowashangaza wengi: mtu amezidiwa na joto na anahisi baridi.

Nilimuuliza maswali. "Jana usiku tulikula nini?" Akanitazama. "Wali na maharage, na uliyatia chumvi nyingi, dada." Nikapumua. Jibu lile, na lawama yake, lilinionyesha kwamba ubongo uko sawa, basi huu ni uchovu wa joto. Tulimvua shati, tukamlaza kivulini na miguu juu ya begi, kanga ikaloweshwa na kupepewa, ORS akainywa kwa mafunda madogo. Nusu saa baadaye alikuwa anaona aibu, dalili nyingine nzuri. Hatukumruhusu kuendelea.

Angejibu ovyo, angekuwa mkali bila sababu, angeyumba kama mlevi, angepata degedege au kuzimia, lingekuwa jambo jingine kabisa. Wengine huliita kiharusi cha joto, ingawa si kile kiharusi cha mshipa wa kichwani. Joto la ndani limepita nyuzi 40 na viungo vya ndani vinaanza kuharibika. Watu wamefundishwa kutafuta ngozi kavu. Kwa aliyekuwa anatembea au kukimbia, ngozi inaweza kuwa imelowa jasho chapachapa, na bado anakufa. Angalia akili, usiangalie ngozi.

Hapo unampoza kwanza, ndipo unamsafirisha. Kila mtu atataka kumkimbiza hospitali, na hospitali ya wilaya ipo Kisarawe, lakini dakika 40 za kutoka msituni bila kupozwa ndizo zinazoua. Lengo ni joto lishuke ndani ya nusu saa. Mwite msaidizi kwa simu huku wengine wanamwaga maji mwili mzima, wanapepea kwa nguvu, barafu imewekwa shingoni, kwapani na kwenye mapaja kwa juu. Kanga iliyolowa ikipata joto, ibadilishe. Asiyejitambua asinyweshwe kitu. Panadol haisaidii, hii si homa. Wakati wa kumpeleka, chukua bajaji au gari. Aliyechanganyikiwa hawezi kujishika kwenye bodaboda, na mkimbana katikati mnamfunika.

Vikundi vya jogingi vya mjini vina njia bora zaidi ya hii, kama vingetaka. Turubai moja la plastiki, watu wanne wanashika pembe, mgonjwa katikati, maji na barafu vinamiminwa na kutikiswa. Ni beseni la dharura. Vikundi vingi nilivyokutana navyo vinabeba spika inayozidi uzito wa turubai na barafu kwa pamoja.

Mdogo wangu alikaa mjini mwezi mzima. Kila jioni saa kumi na moja alitoka kutembea mtaani, nusu saa, halafu dakika arobaini, halafu saa. Wiki ya tatu tukarudi Pugu, tukaingia saa moja kasoro. Hatujamaliza hata mteremko wa kwanza shati lake limeshalowa mgongo mzima, akasimama, akanigeukia na wasiwasi usoni. "Dada, mbona sasa natoka jasho kuliko siku ile?" Nikamwambia anywe funda, tuendelee.